Kubadili Kaliba ya Rivolva: Somo la Kanieneo na Unene wa Ukuta

Katika karakana za mafundi bunduki wa Marekani huletwa mara kwa mara ombi la namna moja. Mwenye silaha huja na rivolva ya kaliba .357, akitaka itobolewe upya ili ipige risasi pana zaidi ya kaliba .44. Fundi hodari hakubali papo hapo wala hakatai. Kwanza huifungua silaha, huitoa silinda, na kuipima kwa kalipa. Baada ya kupima ndipo hujibu, na mara nyingine jibu lake ni kwamba kazi hiyo haifai kufanywa.

Kazi yenyewe haifundishwi katika makala haya. Ni ya fundi mwenye leseni, na karakana ya shule si mahali pake. Kinachofundishwa hapa ni hesabu iliyo nyuma ya jibu la fundi. Hesabu hiyo haihitaji zaidi ya fizikia na jiometri ya shule ya sekondari, nayo ndiyo inayoamua kama mpigaji atabaki na vidole vyake.

Chombo chenyewe

Rivolva ni bastola yenye silinda inayozunguka nyuma ya mtutu. Katika silinda hiyo mna matundu, aghalabu sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Katika rivolva ya namna ya kale, mpigaji hana budi kuupandisha mtambo kwa kidole gumba kabla ya kila pigo. Mtambo unapopanda, silinda huzunguka nyuzi 60 na kuleta tundu jipya mbele ya mtutu. Kifyatulio kikivutwa hufanya kazi moja tu, nayo ni kuuachia mtambo ushuke na kuigonga fataki.

Yafaa ieleweke kwamba baruti haiungui mtutuni peke yake, bali huanza kuungua ndani ya tundu la silinda. Gesi huzaliwa kwa kasi kubwa mno, na kanieneo hufikia kilele chake katika muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa risasi ya .357 Magnum, kipeo kinachoruhusiwa na kanuni za watengenezaji wa Marekani ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, yaani megapaskali 241 hivi. Kiasi hicho ni zaidi ya mara elfu moja ya kanieneo iliyomo katika gurudumu la gari dogo. Kinachoizuia ni ukuta wa feleji wenye unene wa milimita chache tu.

Asili ya ubadilishaji

Ubadilishaji wa rivolva haukuanza kwa kupenda kaliba kubwa, bali kwa mabadiliko ya risasi yenyewe. Rivolva za Colt na Remington zilizotumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, zilijazwa kwa mbele kama gobole. Mpigaji alimimina baruti katika kila tundu, akashindilia gololi ya risasi, kisha akavika fataki nyuma ya kila tundu. (Kiswahili kimehifadhi kumbukumbu ya enzi hizo: neno risasi lingali likitaja madini na pia kile kinachotoka mtutuni.)

Kisha likaja ganda la shaba lililounganisha fataki, baruti na kichwa cha risasi kuwa kitu kimoja. Ganda hilo lilihitaji tundu lililo wazi pande zote mbili ili liingizwe kwa nyuma. Lakini hati ya ubunifu wa silinda iliyotobolewa kutoka upande hadi upande ilikuwa ya Rollin White, aliyeipata tarehe 3 Aprili 1855, na kampuni ya Smith & Wesson ndiyo iliyopewa haki ya kuitumia, ikimlipa White senti 25 kwa kila rivolva. White alitakiwa pia kuitetea hati hiyo mahakamani kwa gharama zake mwenyewe, mapatano ambayo hayakumnufaisha kama alivyotarajia. Hati ilikwisha muda wake mwaka 1869, na jitihada za kuirefusha zilikomeshwa na kura ya turufu ya Rais Ulysses Grant mwaka 1870.

Mlango ulipofunguka, viwanda vilikuwa na shehena kubwa ya silinda na mitutu ya mtindo wa zamani. Kuyeyusha vyote hivyo kungekuwa hasara. Hivyo mafundi wa Colt, Charles Richards na William Mason, walibuni njia za kuikata sehemu ya nyuma ya silinda ya zamani, kuweka bamba mahali pake, na kuongeza kilango cha kuingizia risasi. Katika kazi hiyo ukuta wa tundu haukuelemewa na mzigo mpya, kwa kuwa baruti ilikuwa ileile nyeusi na kiasi chake kilikaribiana na cha awali. Ubadilishaji wa miaka ile ulifaulu kwa sababu hiyo zaidi ya sababu nyingine yoyote.

Jina si kipimo

Enzi hizo ziliacha urithi unaowatatiza wanafunzi hadi leo. Mwanafunzi akipewa risasi ya .38 Special, kaliba inayosomwa kama sehemu 38 za mia za inchi, akipima kichwa chake kwa kalipa hataona milimita 9.65 kama jina linavyodai. Ataona milimita 9.07, yaani inchi 0.357. Akilipima ganda lenyewe ndipo ataona milimita 9.63.

Sababu yake ni hii. Silinda za zamani zilizoitwa .36 zilipotobolewa moja kwa moja, ganda lilitengenezwa kuwa na upana wa tundu, na kichwa cha risasi kikawa na upana uleule wa ganda ili kiujaze mtutu wa zamani. Kitako chake tu ndicho kilichopunguzwa kikaingia ndani ya ganda. Baadaye watengenezaji waliona ni bora kichwa chote kikae ndani ya ganda, na mafuta yake yasishike vumbi mifukoni. Kichwa kikapungua upana, mitutu mipya ikafuata, lakini jina likabaki. Kwa hiyo .38 na .357 zina kichwa cha upana mmoja, na .44 si 0.44 bali 0.429. Fundi anayesikiliza jina bila kupima hujidanganya kabla hajagusa chombo chochote.

Hesabu ya ukuta

Ichukuliwe silinda ndefu yenye nusu kipenyo cha ndani r, ukuta wenye unene t, na kanieneo P ndani yake. Ikipasuliwa kimawazo kwa urefu katika nusu mbili, kanieneo husukuma nusu moja itengane na nyingine kwa kani ya P × 2r × L, ambapo L ni urefu wa silinda. Kinachozishikilia nusu hizo ni kuta mbili, zenye eneo la 2 × t × L. Basi mkazo katika ukuta ni:

mkazo = P × r ÷ t

Ikipasuliwa kwa upana badala ya urefu, hesabu ya namna hiyohiyo hutoa P × r ÷ 2t, yaani nusu ya ule wa kwanza. Ndiyo maana soseji ikikaangwa hupasuka kwa urefu wala haikatiki vipande viwili. Silinda ya rivolva ikizidiwa hupasuka vivyo hivyo.

Kanuni hii ni sahihi kwa ukuta mwembamba. Kwa ukuta mnene hutumika milinganyo ya Mfaransa Gabriel Lamé (1795–1870), ambayo huonyesha kwamba mkazo si sawa katika unene wote: ni mkubwa zaidi kwenye uso wa ndani. Hata hivyo kanuni nyepesi yatosha kumwonyesha mwanafunzi mwelekeo wa mambo.

Sasa irejewe rivolva ya .357. Ganda lake lina kipenyo cha milimita 9.63, na ganda la .44 Special milimita 11.61. Tundu likipanuliwa kutoka kipimo cha kwanza hadi cha pili bila kuhamisha kitovu chake, ukuta hupoteza karibu milimita moja kila upande. Ikiwa ukuta wa nje ulikuwa na unene wa milimita 3, hubaki 2. Theluthi moja ya feleji imekwenda, na hakuna kekee inayoweza kuirudisha.

Kwa .357 Magnum katika ukuta wa awali, mkazo ni 241 × 4.8 ÷ 3, yaani megapaskali 386. Kwa .44 Special katika ukuta uliopunguzwa, kipeo cha kanieneo ni megapaskali 107 tu. Hivyo mkazo ni 107 × 5.8 ÷ 2, yaani 310. Ukuta umekuwa mwembamba, lakini umepewa kazi ndogo kuliko ya kwanza. Fundi aweza kukubali.

Lakini kuna risasi nyingine yenye upana uleule, nayo ni .44 Magnum, ambayo kipeo chake ni megapaskali 248. Katika ukuta uleule wa milimita 2, hesabu hutoa 248 × 5.8 ÷ 2, yaani 719. Mkazo umekaribia kuwa maradufu ya ule ambao silinda ilitengenezwa kuubeba.

Mwanafunzi na ajaribu mwenyewe kaliba ya .45 Colt, yenye ganda la milimita 12.19 na kipeo cha megapaskali 96.5. Ataona kwamba ukuta hubaki milimita 1.72 na mkazo hufika 342. Kanieneo ni ndogo kuliko ya .44 Special, ilhali mkazo ni mkubwa zaidi. Wengi hudhani risasi yenye kanieneo ndogo ndiyo salama daima. Tarakimu hizi zaonyesha kwamba upana wa tundu nao hudai haki yake mara mbili, kwa kuongeza r na kwa kupunguza t.

Matundu sita, matundu matano

Ukuta wa nje si ukuta pekee. Kati ya tundu na tundu pana ukuta mwingine, na hapa jiometri huleta jambo la kupendeza. Vitovu vya matundu sita hukaa juu ya duara kama ncha za pembesita sawa, na katika pembesita sawa urefu wa kila upande ni sawa na nusu kipenyo cha duara. Ikiwa nusu kipenyo hicho ni milimita 13, basi umbali kati ya vitovu jirani ni milimita 13 vilevile. Ukuta uliopo katikati ni 13 kutoa kipenyo cha tundu: kwa .357 ni milimita 3.37, kwa .44 ni 1.39, na kwa .45 ni 0.81 tu. Huo wa mwisho haufikii hata milimita moja.

Ndipo mafundi wa Marekani wanaotaka kaliba nene na baruti nyingi walipoamua kuacha silinda ya zamani na kutengeneza mpya yenye matundu matano. Umbali kati ya vitovu huwa 2 × 13 × sini ya nyuzi 36, yaani milimita 15.3, na ukuta wa katikati wa .45 hurudi kuwa milimita 3 na ushei. Tundu moja limeachwa na ukuta umeongezeka takriban mara nne. Bila shaka silinda sasa yapaswa kuzunguka nyuzi 72 badala ya 60, hivyo meno yanayoizungusha hukatwa upya.

Pana faida nyingine isiyoonekana upesi. Silinda hufungwa isicheze kwa kijino kinachoingia katika kidimbwi kilichochongwa ubavuni mwake. Katika silinda ya matundu sita, lile lililo juu mbele ya mtutu lina mwenzake chini kabisa. Kijino kikija kutoka chini, kidimbwi chake huchongwa juu ya tundu, mahali ambapo ukuta wa nje ni mwembamba kupita pote. Zile milimita 2 za mfano wa juu hupungua tena hapo. Katika silinda ya matundu matano, upande ulio mkabala na tundu la juu hauna tundu, bali feleji tupu. Kidimbwi hukaa hapo bila kudhuru.

Tukio la Idaho

Mwaka 1925 katika jimbo la Idaho, mpigaji shabaha aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa mambo ya silaha, Elmer Keith, alikuwa akipiga rivolva ya Colt ya kaliba .45. Silaha hiyo ilikuwa ya mtindo uliochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 1873, na Keith alikuwa ameijaza risasi alizozitengeneza mwenyewe, zenye vichwa vizito kupita kawaida. Silinda ilipasuka, na sehemu yake ya juu ikaruka pamoja na upapi wa juu wa kiunzi. Keith alisalimika.

Somo alilolipata lilikuwa la vipimo. Colt ya kaliba .44 Special ilikuwa na silinda ya ukubwa uleule kwa nje, lakini tundu lake lilikuwa jembamba kwa milimita 0.58. Kila ukuta ulinenepa kwa milimita 0.29, unene wa karatasi chache tu. Kwa tofauti hiyo ndogo Keith aliihama kaliba .45, akatumia miaka mingi akijaribu .44 Special kwa baruti nyingi, na kazi yake ilisaidia kuzaliwa kwa .44 Magnum katika miaka ya 1955 na 1956.

Itazamwe pia jinsi kiwanda cha Ruger kilivyofanya. Mwaka 1955 kilikuwa kimetoa rivolva iitwayo Blackhawk ya kaliba .357. Ilipotakiwa Blackhawk ya .44 Magnum, mwaka 1956, kiwanda hakikuridhika kupanua matundu ya silinda ileile. Kiliikuza silinda na kiunzi chake. Blackhawk ndogo za .357 ziliendelea kutengenezwa hadi 1972. Hizo ndizo zinazopendwa na watu wanaotaka .44 Special, kwa sababu ni nyepesi mkononi, na ndizo hasa zinazoletwa kwa fundi.

Milimita tatu za usalama

Hapa ndipo panapohitajika uangalifu mkubwa kuliko pote. .44 Special na .44 Magnum zina ganda la upana mmoja, na vichwa vya upana mmoja. Tofauti iliyopo ni ya urefu: ganda la Magnum limezidi kwa milimita 3.2. Urefu huo uliongezwa kwa makusudi, ili risasi yenye nguvu isiweze kuingia katika silinda ya ile dhaifu. Hali kadhalika .357 Magnum, ilipotolewa mwaka 1935, ilirefushwa kuliko .38 Special kwa milimita 3.4. Ndani ya tundu mna kizingiti ambapo kipenyo cha ganda hukoma na kipenyo cha kichwa huanza. Ganda refu hugota hapo, na silinda haiwezi kuzunguka.

Kizingiti hicho hakina akili wala onyo. Ni ukingo mwembamba wa feleji. Fundi akikata tundu kwa kina kilichozidi milimita tatu, ama kwa uzembe ama kwa kumridhisha mteja anayetaka kuwa na hiari, risasi ya Magnum itaingia sawasawa na ile megapaskali 719 ya hesabu itapata njia. Rivolva hiyo haitaonekana tofauti na nyingine. Huenda ikapiga mara kumi bila dalili yoyote, au mara mia moja, kwa kuwa feleji iliyozidiwa kidogo huchoka polepole.

Jambo la pili ni maandishi. Mtutu wa .357 hauwezi kupitisha kichwa cha .44, kwa hiyo hutobolewa na kuchongwa mifereji upya, au huwekwa mtutu mwingine. Mtutu wa zamani ukitobolewa upya, maandishi ya kale hubaki juu yake yakitaja kaliba isiyokuwamo tena. Fundi mwaminifu huyafuta na kupiga chapa ya kaliba mpya kwa ukamilifu: si «.44» peke yake, bali «.44 Special». Mwenye silaha wa leo anajua alichoagiza. Mwanawe atakayeirithi, au mnunuzi wa miaka thelathini ijayo, hatakuwa na cha kumwongoza isipokuwa neno hilo lililochorwa kwenye chuma.

Nchi mbalimbali zimelishughulikia suala hili kwa njia tofauti. London ina nyumba ya kujaribia silaha chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ilipata yake kwa sheria ya mwaka 1813. Humo silaha hupigwa kwa risasi yenye kanieneo iliyozidi ya kawaida. Ikistahimili hugongwa chapa. Silaha iliyotobolewa upya na kudhoofika huhesabiwa kuwa haina chapa tena, nayo haiwezi kuuzwa Uingereza mpaka ijaribiwe upya. Marekani haina nyumba ya serikali ya namna hiyo. Huko viwanda hufuata kanuni za hiari za chama chao kilichoundwa mwaka 1926, na fundi wa kujitegemea hutakiwa kuwa na leseni ya serikali kuu, lakini hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha kupeleka silinda aliyoitoboa ikajaribiwe na mtu mwingine. Uzito wote wa uamuzi humwangukia yeye na kalipa yake.

Mwalimu anayetaka kuionyesha kanuni hii darasani hahitaji silaha. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukitolewa nje ya tairi na kujazwa upepo kidogo kidogo, huvimba mahali palipo pembamba, na pale unapovimba r huongezeka na t hupungua, hivyo pakaendelea kuvimba kuliko pengine. Wanafunzi na wapime kipenyo cha mpira mahali hapo na mahali pengine baada ya kila pampu tano, waviandike vipimo hivyo katika jedwali, na waache kujaza mara vipimo viwili vinapoanza kuachana kwa haraka.